Kuitikia Kabla ya Kuongoza: Namna ya Kukua Ndani ya Kikundi cha Maigizo

Kijana anayejiunga na kikundi cha maigizo hapa Mwanza huulizwa na ndugu zake swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba atalipwa nini. Swali hilo ni halali, na nitalirudia mbele. Hata hivyo, katika miaka ambayo nimekuwa mwanachama wa kikundi, na baadaye mmoja wa wanaowapokea wageni, nimeona kwamba wengi wanaokata tamaa mapema hawaondoki kwa sababu ya fedha. Walikuja wakitafuta mahali pa kuonekana, wakakuta kwamba kwa miezi kadhaa wanatakiwa kuwatazama wengine, kuwasikiliza, na kuwabebea kazi. Mwongozo huu nimewaandikia wao, pamoja na yeyote anayesimama mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi akijiuliza kama humo ndani ana nafasi.

Wasukuma, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya mkoa huu, wana ngoma ambazo kila mwigizaji wa huku anapaswa kuzitazama kwa makini. Vyama viwili vya kale vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kwa kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji huamua mshindi kwa miguu yao, kwa kuhamia upande unaowavuta zaidi. Mashindano hayo huonekana katika sherehe za Bulabo, kwa kawaida mwezi wa Juni, kwenye eneo la makumbusho ya Bujora pale Kisesa. Nenda ukatazame, lakini macho yako yasimgande manju, yaani kiongozi wa wimbo, peke yake. Watazame wale wanaomwitikia. Utaona kwamba manju mwenye sauti nzuri, ambaye waitikiaji wake wamechelewa hata kidogo, hupoteza watu, ilhali mwenye sauti ya kawaida aliyezungukwa na waitikiaji walioshikamana huujaza upande wake wa uwanja. Kwa maoni yangu, mtu hukua katika kikundi cha maigizo kwa njia hiyo hiyo: anajifunza kwanza kuitikia, na siku akipewa kuongoza anakuwa tayari anajua wanaomwitikia wanahitaji nini kutoka kwake.

Kukichagua kikundi

Mwanza haina uhaba wa vikundi. Vipo vya makanisani, vya shule na vyuo, vya ngoma na maigizo vinavyoitwa kwenye mikutano ya kuhamasisha mambo ya afya, na vya vijana wanaotengeneza filamu fupi kwa simu. Kabla ya kuomba kujiunga, hudhuria onyesho lao mara moja na mazoezi yao mara mbili, kwa kuwa onyesho huficha mengi ambayo mazoezi huyaweka wazi. Angalia kinachotokea mtu anaposahau maneno. Kama wenzake wanamcheka na kuendelea kumcheka hata baada ya mazoezi, ujue kwamba humo ndani watu wanaogopana, na mwigizaji mwenye hofu ya wenzake hawezi kujaribu jambo jipya. Kama mtu mmoja anamnong'oneza neno lililompotea na kazi ikaendelea, kaa hapo uangalie zaidi.

Uliza pia kama kikundi kina katiba, mhazini na daftari la mapato, na kama kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa. Afisa Utamaduni wa halmashauri anaweza kukueleza utaratibu wa usajili. Usione haya kuuliza mambo haya ukiwa mgeni. Viongozi wasio na cha kuficha watakujibu, na namna watakavyokujibu itakufundisha mengi kuliko majibu yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sitalizungukazunguka, kwa sababu limewaumiza wasichana wengi na wavulana wachache wenye vipaji. Mwongozaji, mtayarishaji, au mwanachama yeyote mwenye madaraka akikuahidi nafasi kwa sharti la kukutana naye faraghani, au akitaka mfanye mazoezi ninyi wawili nyumbani kwake usiku, ondoka, na uwaeleze watu unaowaamini. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa kwa sheria za Tanzania, na taarifa zake hupokelewa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Hakuna mhusika wa thamani hiyo. Kikundi kinachowajali watu wake hufanya mazoezi mahali pa wazi, na hupanga yaishe mapema ili wanaoishi Igoma, Buhongwa au Kisesa wapate daladala kabla giza halijaingia.

Miezi mitatu ya mwanzo

Ukishapokelewa, jipe miezi mitatu ambayo ndani yake hutadai nafasi yoyote. Najua ushauri huu ni mgumu kwa mtu aliyekuwa nyota wa shule yake, lakini ufuate. Jifunze majina ya wote, pamoja na ya yule anayefungua ukumbi na yule anayepiga ngoma nyuma ya pazia. Fika kabla ya saa iliyopangwa, uupashe mwili wako mwenyewe kabla mazoezi ya pamoja hayajaanza. Zijue kazi zinazofanyika bila kusemwa: nani anakunja maleba, yaani mavazi ya jukwaani, baada ya onyesho, nani anahesabu vifaa vya jukwaani, nani anahakikisha kuna maji ya kunywa. Chukua mojawapo ya kazi hizo uifanye kwa ukamilifu, bila kusubiri kuambiwa.

Kazi moja naipendekeza kuliko zote, nayo ni kushika mswada na kuwakumbusha waigizaji maneno wakati wa mazoezi. Mimi niliifanya kwa msimu mzima, na mwanzoni niliiona kama adhabu. Anayeshika mswada analazimika kufuatilia kila neno la kila mhusika, na baada ya wiki chache anatambua mambo ambayo mwigizaji aliye katikati ya jukwaa hayaoni. Anajua ni wapi fulani hupumua kabla ya kusema, na ni sentensi ipi ambayo kila mara humchanganya mtu yule yule kwa sababu mwenzake anampa maneno kwa haraka mno. Anajifunza pia kutofautisha kimya cha mtu aliyesahau na kimya cha mtu anayeigiza. Utofauti huo ni mdogo sana kwa sikio, na ukishaujua hautakutoka tena. Nilipopewa nafasi yangu ya kwanza, nilikuwa tayari naijua tamthiliya nzima, na wenzangu walikuwa tayari wameizoea sauti yangu kama sauti inayowasaidia.

Mazoezi yanayofundisha kuitikia

Yapo mazoezi ambayo kikundi kinaweza kuyafanya bila kifaa chochote. Zoezi la kwanza ni la kuhesabu. Wanakikundi wote husimama katika duara wakiwa wamefumba macho, na kuanza kuhesabu kutoka 1 hadi 20, kila mmoja akitaja namba anapojisikia, bila ishara na bila mpangilio uliokubaliwa. Watu wawili wakitaja namba kwa pamoja, kila kitu huanza upya. Mara ya kwanza kikundi kikubwa hukwama kwenye 5 au 6, kwa sababu kila mtu anataka kutoa mchango wake. Kadiri siku zinavyopita, watu huanza kusikia pumzi za wenzao, na huanza kuelewa kwamba kuacha nafasi kwa mwenzako nako ni kushiriki. Siku ambayo kikundi kinafika 20 huwa na utulivu wa pekee ndani ya ukumbi, na mtu asiuharibu utulivu huo kwa kupiga kelele za ushindi.

Zoezi la pili ni la kioo. Wawili husimama wakitazamana. Mmoja hutembeza mikono na mwili wake polepole, na mwingine humfuata kana kwamba ni taswira yake. Baada ya dakika chache hubadilishana, na mwishowe mwongozaji huwaambia kwamba hakuna anayeongoza tena, bali wote wawili wanafuatana. Anayetaka kumshinda mwenzake kwa kufanya miondoko ya ghafla atakuwa amelivunja zoezi, kwa kuwa lengo ni mtu wa tatu anayetazama asiweze kujua ni nani anayeanza.

Mazoezi ya namna hii yametokana kwa sehemu kubwa na Viola Spolin, mwalimu wa Marekani aliyeiendeleza kazi yake katika jiji la Chicago, miongoni mwa watoto na watu wazima ambao wengi walitoka katika familia za wahamiaji zenye lugha na desturi tofauti. Alihitaji njia ya kuwaunganisha ambayo haikutegemea maelezo marefu, akaipata katika michezo. Hali hiyo si ngeni kwetu. Katika kikundi kimoja cha Mwanza utamkuta Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mkurya na Mjaluo, kila mmoja akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya kwao, na mchezo wa dakika kumi huwasogeza karibu kuliko hotuba ya umoja.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali kila mara. Wigashe ni ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wakiwa wameketi, wakiimba kwa pamoja na kuitembeza sehemu ya juu ya miili yao. Kwa kuwa miguu imetulia, hakuna pa kujificha. Bega moja likichelewa, safu nzima inaonekana kuyumba. Kikundi chetu huketi kwenye mabenchi kwa robo saa kabla ya mazoezi, tukaimba wimbo mmoja tu kwa namna hiyo, na ninaamini robo saa hiyo imetufaa kuliko mafunzo mengi tuliyopewa. Bugobogobo nayo, ngoma ya majembe iliyotokana na kilimo cha pamoja, hufundisha jambo jingine. Majembe hurushwa hewani na kudakwa, na mchezaji anayeutazama mkono wake mwenyewe tu huwa hatari kwa aliye jirani yake. Wanaoanza watumie vijiti vyepesi. Wataelewa upesi kwamba mwili wa mwenzako ni sehemu ya kazi yako.

Mwisho, fanyeni mazoezi nje, mahali mtakapocheza. Maonyesho mengi ya vikundi vyetu hufanyika kwenye viwanja na mialo, yaani fukwe wanakotua wavuvi, na hapo ziwa lina kauli yake. Wakati wa mchana, na hasa alasiri, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo waigizaji wakilipa ziwa mgongo, upepo hupeleka sauti zao kwa watazamaji. Wakikaa kinyume, hupiga kelele bure mpaka wakakauka koo. Usiku upepo hugeuka. Mwanachama anayekwenda kusimama nyuma kabisa ya mahali watazamaji watakapokaa, akawarudishia wenzake taarifa ya nani anasikika na nani hasikiki, amefanya kazi ya kikundi hata kama siku hiyo hana neno hata moja la kusema.

Ukipewa nafasi ndogo

Itafika siku ambayo majina yatasomwa, nawe utasikia kwamba wewe ni mwanakijiji wa pili, au mlinzi anayeingia mara moja kuleta barua. Kabla hujakasirika, fikiria jinsi mamlaka yanavyojengwa jukwaani. Mtu anayeigiza ufalme anaweza kuvaa taji na kuongea kwa sauti nzito, lakini kama wanaomzunguka wamesimama kama watu wanaongojea daladala, hakuna mtazamaji atakayemwona kuwa mfalme. Ni namna wanavyoinamisha vichwa, wanavyompisha njia na wanavyonyamaza anapopumua ndiyo inayompa ufalme. Tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969 na inayohusu vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, inaonyesha jambo hili vizuri. Nguvu ya maji ambayo Kinjeketile anawapa watu kama kinga dhidi ya risasi haionekani kwa macho. Watazamaji huiamini au huitilia shaka kwa kuzitazama nyuso za wanakijiji wanaoyapokea. Wanakijiji wale wakiwa baridi, Kinjeketile anabaki mtu anayeweweseka.

Kwa hiyo mchukulie mhusika wako mdogo kama mtu kamili. Andika nusu ukurasa kumhusu: ametoka wapi kabla ya kuingia jukwaani, mkononi ana nini, anamwogopa nani, na angependa kwenda wapi iwapo asingelazimika kuwa hapo. Kisha nenda ukatazame watu halisi. Kama mhusika wako ni mchuuzi wa samaki, amka alfajiri uende kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, uwaangalie akina mama wanaochambua dagaa: jinsi wanavyokaa ili mgongo usiwaume, jinsi mkono unavyoendelea na kazi huku mdomo ukipatana bei. Wasalimie kwanza, uwaeleze kwamba unajifunza, uombe ruhusa ya kukaa. Wengi wataruhusu, na baadhi yao watakusahihisha kwa upendo. Usirudi na lafudhi ya mtu wala kilema chake ili kuwachekesha watazamaji. Anayefanya hivyo huchukua mali ya watu waliomkaribisha na kuwarudishia aibu.

Na ukiwa jukwaani bila maneno, sikiliza kweli. Watazamaji humfuata yule anayesikiliza. Usitafute kuonekana kwa kujikuna, kukohoa au kurekebisha nguo wakati mwenzako anasema, kwa kuwa kila jicho unalolivuta umelichukua kutoka kwa anayelihitaji.

Kusahihishwa na kusahihisha

Katika sehemu hii nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu sijui njia nyingine ya kulifundisha. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kucheza katika kijiji kimoja upande wa Sengerema. Mchezo wetu ulikuwa juu ya familia ya mvuvi ambaye hakurudi kutoka ziwani. Dada mmoja aliyenizidi umri na uzoefu aliigiza mama wa mvuvi huyo, nami niliigiza jirani anayeleta habari. Baada ya habari kutolewa, alitakiwa kukaa kimya kwa muda mrefu, akikunja nyavu, kabla mimi sijasema neno langu lililofuata. Siku hiyo watu walikuwa wengi na watoto walikuwa wakisukumana mbele. Niliposikia minong'ono, niliogopa kwamba tunawapoteza, nikasema maneno yangu mapema na kwa sauti kubwa. Watu walicheka. Tukio lile halikuinuka tena hadi mwisho.

Hakuniambia kitu pale kijijini. Tulipokuwa tunarudi kwenye kivuko, alikuja akakaa karibu nami, akasema, "Mdogo wangu, pale uliniacha peke yangu." Nilianza kumweleza kuhusu watoto na minong'ono, naye akanisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akasema kwamba wanawake wawili waliokaa mbele walikuwa wameanza kulia, na kwamba ile minong'ono ilikuwa yao. Mimi sikuwa nimewatazama.

Tangu siku hiyo nimeshika kanuni ambayo nawafundisha wote wanaokuja: unaposahihishwa, sema asante, andika ulichoambiwa, na usijitetee mpaka kesho yake. Usiku mmoja hutosha kwa hasira kupoa na kwa maneno kuingia. Kesho ukiona kwamba aliyekusahihisha amekosea, rudi umweleze kwa utulivu, naye atakusikiliza kwa sababu jana ulimsikiliza. Maelezo unayoyatoa papo hapo, hata yakiwa ya kweli, huwa ni ukuta tu.

Unaposahihisha wewe, eleza ulichokiona badala ya kumhukumu mtu. Kumwambia mwenzako kwamba hana hisia hakumpi cha kufanya. Mwambie kwamba alipotaja jina la mwanawe alikuwa anaangalia sakafu, na kwamba wewe uliyekaa nyuma hukuuona uso wake. Hapo atajua cha kujaribu. Anayemzidi mwenziwe umri asahihishwe kwa heshima inayostahili, pembeni na kwa lugha ya kuomba, lakini asahihishwe. Nimeona vikundi ambavyo wazee wake hawaguswi, na baada ya muda wazee hao hubaki wakicheza namna ile ile, wakiwa wapweke katikati ya watu wanaowaamkia kila siku.

Fedha, mbalamwezi na misiba

Sasa nilirudie swali la ndugu zako. Vikundi vingi vya hapa haviwezi kumlipa mtu mshahara. Kuna posho ya siku ya onyesho, kuna nauli, na kuna miezi ambayo hakuna chochote. Waambie nyumbani ukweli huo tangu mwanzo, na usiache kazi inayokulisha kwa sababu ya ahadi ya ziara. Ndani ya kikundi, taka hesabu isomwe mbele ya wote baada ya kila onyesho, hata kama kilichopatikana ni kidogo cha kununulia soda. Urafiki mwingi wa jukwaani umevunjika kwa fedha ndogo ambazo hazikutajwa kuliko kwa fedha nyingi zilizogawanywa vibaya hadharani. Usikope kwa wenzako katika miezi ya mwanzo, na ukikopa baadaye, rudisha siku uliyoahidi.

Ratiba nayo ni suala la kuheshimiana. Katika vikundi vya mialoni na visiwani, wanachama wengi ni wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta dagaa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na wavuvi hupumzika. Vikundi vyenye busara hupanga mazoezi makubwa katika siku za mbalamwezi, na kuwaachia wavuvi siku za giza. Mwanachama wa mjini anayelalamika kwamba mvuvi hahudhurii bila kuutazama mwezi hajaielewa bado jumuiya aliyojiunga nayo. Wengine wana vibanda Soko Kuu, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wananyonyesha. Kila mtu aseme mapema siku asizoweza, na akisema ataweza, aje.

Kwenye misiba na harusi za wenzako, hudhuria. Si lazima uwe na cha kutoa. Kubeba viti na kuchota maji kunatosha. Nimewahi kuona kikundi kilichokuwa karibu kugawanyika kikiunganishwa tena na siku tatu za matanga kwa mmoja wao, kwa sababu watu ambao hawakuwa wakisemeshana walijikuta wakikoroga sufuria moja.

Kuleta jambo lako

Ukishazoeleka, usibaki mtu wa kupokea tu mswada ulioandikwa na wengine. Mkoa wetu una historia inayotupa ujasiri katika hili. Mwaka 1982 na 1983, wanasanaa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho na wananchi wa Malya, wilayani Kwimba. Hawakuwaletea wanakijiji mchezo uliokwisha kutungwa. Walizungumza nao juu ya matatizo yao, likiwamo suala zito la mimba za wasichana wa shule, na wanakijiji wenyewe wakalitungia ngoma na maigizo, wakayacheza na kuyajadili.

Nawe unaweza kuanza kidogo. Leta kwenye duara jambo uliloliona nyumbani au sokoni ambalo halikutoki moyoni, ulisimulie kwa dakika tano, kisha uwaache wenzako walicheze wakati wewe umekaa unatazama. Kuliona jambo lako likichezwa na miili ya wengine hukufundisha kulihusu mambo ambayo ulipokuwa peke yako hukuyajua. Lakini kubalianeni kwanza kwamba yanayosimuliwa humo hayatoki nje, badilisheni majina, na usilete kidonda ambacho bado kinavuja damu. Mtu anayelia hadi kushindwa kuendelea hajaigiza. Wenzake wanapaswa kusimamisha kazi, wamketishe, na mmoja wao amsindikize nyumbani.

Siku ya kuondoka

Huenda utapata nafasi ya masomo, pengine katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, au utahamishwa kikazi, au utaona tu kwamba kikundi na wewe hamwendi tena njia moja. Kuondoka si usaliti. Toa taarifa mapema, kabla ya kuanza kwa maandalizi ya onyesho jipya na kamwe si katikati yake. Rudisha maleba yakiwa yamefuliwa. Chagueni mtu wa kuichukua nafasi yako, umfundishe wewe mwenyewe: si maneno tu, bali pia ni wapi mwenzako hupumua, ni nani wa kutazamwa upepo ukibadilika, na ni kimya kipi kisichoguswa. Mwachie aitafute namna yake ya kusema, hata kama yako unaipenda zaidi. Siku atakapoicheza nafasi hiyo kwa mara ya kwanza, ukiwa bado uko Mwanza, nenda ukakae nyuma kabisa ya watazamaji, na akimaliza umwambie kama alisikika.